Watani wa jadi wa kweli ni Argentina na Uruguay

Juzi nimebishana na jamaa zangu watatu kijiweni mpaka kahawa ikapoa. Mada ilikuwa nani watani wa jadi wakubwa kuliko wote Amerika ya Kusini. Wote wakajibu kwa sauti moja: Brazil na Argentina. Kwa nini? Mmoja akataja Pele na Maradona, mwingine Neymar na Messi. Hoja ikaishia hapo, majina manne tu, na yote tumeyajulia kwenye televisheni.

Mimi sikubali. Brazil na Argentina hawakuwahi kukutana Kombe la Dunia mpaka 1974! Wakati huo wenzao wa kando ya mto Río de la Plata, Buenos Aires ng'ambo hii na Montevideo ng'ambo ile, walikuwa wameshachukiana kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1902 Argentina walivuka maji wakawachapa Uruguay 6-0 nyumbani kwao. Mwaka 1916, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya bara hilo, mechi yao ya mwisho ilivunjika Buenos Aires baada ya watazamaji kujaa mpaka uwanjani, majukwaa ya mbao yakachomwa moto, ikabidi ichezwe kesho yake uwanja mwingine. Sare 0-0, kombe likaenda Uruguay.

Halafu fainali ya Olimpiki 1928 kule Amsterdam: 1-1, wakarudiana, Uruguay wakashinda 2-1. Halafu 1930, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, Montevideo. Hawa watu waligombana hata juu ya mpira wa kuchezea! Kipindi cha kwanza ukatumika wa Argentina, na Argentina wakaongoza 2-1. Cha pili ukatumika wa Uruguay, mambo yakaisha 4-2. Bao la nne alilifunga Héctor Castro, mtu mwenye mkono mmoja. Buenos Aires wakaenda kuupiga mawe ubalozi mdogo wa Uruguay, na vyama vya soka vikavunja uhusiano. Sasa niambieni, Neymar na Messi, waliochezea klabu moja wakikumbatiana, wana nini cha kufanana na hayo?

Najua mtaniambia Brazil wana Kombe la Dunia mara tano. Sawa, hongera zao. Lakini Copa América Argentina wanayo 16, Uruguay 15, Brazil 9. Na Uruguay ni watu kama milioni 3.5 tu, yaani Dar es Salaam inawazidi! Nchi ndogo haiuzi jezi nyingi, kwa hiyo haionyeshwi, na isipoonyeshwa sisi tunadhani haipo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka huo huo wa 1916, Uruguay waliifunga Chile 4-0, Isabelino Gradín akafunga mawili. Chile wakakata rufaa, wakidai Uruguay wamechezesha Waafrika wawili! Gradín na Juan Delgado walikuwa raia weusi wa Uruguay. Baadaye akaja José Leandro Andrade, naye mweusi, dhahabu ya Olimpiki 1924 na 1928, Kombe la Dunia 1930. Vijana wa Kiafrika tunaojidai kuijua soka, tunakariri mishahara ya wachezaji wa Ulaya na huyu hatumjui.

FIFA nao hawako mbali na jamaa zangu. Kombe la Dunia la 2030 ndilo la kutimiza miaka 100. Montevideo, mahali lilipozaliwa, wamepewa mechi moja. Moja! Buenos Aires moja, Asunción moja, zilizobaki zote zimepelekwa Hispania, Ureno na Morocco.

Niliwauliza jamaa zangu, Andrade ni nani? Kimya. Mmoja akaagiza kahawa nyingine.