Tuzo za muziki zipande mpaka Makete

Huko Kolombia kuna muziki uitwao vallenato. Ulizaliwa kwa wachunga ng'ombe na wakulima wa ukanda wa Karibi, ukipigwa kwa kodiani, ngoma ndogo na kijiti cha kukwaruza. Kwa miaka mingi wakubwa wa Bogotá waliudharau kama muziki wa washamba. Leo, katika tuzo za Latin Grammy, vallenato na cumbia vina kipengele chao, kama ilivyo kwa tango, flamenko na mariachi. Mpiga kodiani wa mji mdogo hashindanishwi na Shakira. Anashindana na wanaopiga anachopiga yeye.

Wilaya ya Makete, hapa mkoani Njombe, haina bahati hiyo. Kijana wa Iwawa anayetaka kuingiza wimbo wa Kikinga katika Tuzo za Muziki Tanzania anatafuta mlango kwa tochi. Zama tuzo hizo, zilizoanza mwaka 1999 na kusimama baada ya 2015, zilipoitwa Kili, kulikuwa na kipengele kimoja cha wimbo wenye asili ya Kitanzania. Kimoja tu, kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120.

Cha kuchekesha ni kwamba zouk na rumba vilikuwa na kipengele chao.

Si kwamba rumba haikustahili. Tanzania na muziki wa Kilatini ni ndugu wa siku nyingi. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye alama ya GV ziliingia Afrika, na Salum Abdallah wa Morogoro aliguswa nazo kiasi cha kuiita bendi yake La Paloma mwaka 1948, kisha Cuban Marimba. Aliimba Kiswahili juu ya midundo ya Havana, watu wakacheza, na mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 1965 hakuna aliyemwuliza kwa nini bendi ya Morogoro ina jina la Kuba. Lakini rumba iliyovuka bahari kwenda na kurudi ilipewa kiti, wakati mganda wa Ziwa Nyasa, unaochezwa humu humu mkoani Njombe, ufukweni Ludewa, uliachwa ugombee kapu moja na sindimba, lizombe na bugobogobo. Jaji gani ataweza kulinganisha sindimba na bugobogobo kwa haki? Ni kushindanisha mahindi na viazi.

Hoja inayotolewa kila mara ni soko: ngoma za mikoani hazina mashabiki, na mdhamini hufuata mashabiki. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Saida Karoli asingekuwepo. Alitoka Bukoba akiimba Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wake wa Maria Salome ulichezwa kwenye harusi za watu wasio Wahaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa jina la Salome, ukavuma upya. Soko lilikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumtafuta Saida Karoli mwingine.

Wamarekani wanaojishughulisha na muziki wa Kilatini waliujenga utaratibu huo mapema. Jarida la Billboard limekuwa na chati ya albamu za muziki wa kimaeneo wa Meksiko tangu miaka ya 1980. Mwaka 2023 Peso Pluma alipolipuka na nyimbo za aina hiyo, akaingia tano bora za chati kuu ya Marekani, rafu yake ilikuwa tayari imepangwa. Mwaka huo huo alitoka na tuzo nane katika tuzo za Kilatini za Billboard. Asiyehesabiwa leo hawezi kuonekana kesho, hata akiwa na kipaji cha kutisha.

Wala wenzetu hao si malaika. Mwaka 2019 wasanii wakubwa wa reggaeton, Daddy Yankee na J Balvin wakiwemo, walizilalamikia hadharani Latin Grammy kwa kuwapuuza katika vipengele vikubwa. Huko waliolalamika ni wenye mashabiki wengi kuliko wote. Hapa mwenye mashabiki wengi hana shida: kura zinamfuata zenyewe. Diamond alibeba tuzo saba mwaka 2014, mwaka uliofuata Ali Kiba akatamba na Mwana, na ugomvi wa mashabiki wa wawili hao ukameza habari zote za tuzo. Bendi, taarabu na ngoma vilibaki kutajwa mwishoni mwa taarifa, kama vilitajwa.

Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilipozifufua tuzo mwaka 2022 lilifanya jambo moja la kupongezwa: singeli, muziki wa Manzese na Tandale ulioitwa wa kihuni, ulipewa nafasi. Milango inafunguka ikitakiwa. Ila singeli iko kilomita chache kutoka Masaki, ambako sherehe za tuzo zimewahi kufanyika. Kutoka Iwawa ni zaidi ya kilomita 100 za milima kufika Njombe tu, kisha Makambako, ndipo ishikwe barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Latin Grammy zilithubutu kuvuka bahari mwaka 2023 zikafanyika Sevilla, Hispania. Tuzo za Tanzania zishindwe kufika Mbeya?

BASATA ivunje kapu la muziki wa asili na kuligawa kwa kanda, Nyanda za Juu Kusini ikiwa na kipengele chake, na ihesabu pia nyimbo zinazopigwa na redio za mikoani. Na maofisa utamaduni wa Makete, Ludewa na Njombe wasingoje barua kutoka makao makuu. Vikundi vya ngoma wanavijua kwa majina, na kwaya za Kikinga na Kibena zinaimba kila Jumapili. Wazirekodi sasa, wazipeleke redioni, wazisajili, ili msimu ujao wa tuzo usikute mkoa mzima hauna hata wimbo mmoja mezani.