Mzigo Uliolala

Ukichelewa kufika Maili Moja kufuata mzigo uliopakiwa basi la Morogoro, utaambiwa: umelala, njoo asubuhi. Msemo huo ndio uliotukwamua tulipotafsiri makala za toleo hili kutoka Kijerumani, kwa sababu neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa dogo: "gelagert".

Asili yake inakutana na kitenzi cha kulala. Kilicho "gelagert" kimelazwa mahali, basi. Neno halisemi kama kinatunzwa au kimesahauliwa. Kwa kitu kinachotunzwa, Mjerumani ana "aufbewahrt". Cha kwenye kompyuta ni "gespeichert", kutokana na Speicher, yaani ghala la nafaka.

Katika rasimu zetu yote matatu yalikuwa "kuhifadhiwa". Tumeyafuta. Kuhifadhi ni neno zito: mtoto huhifadhi Kurani, aliyekimbia vita hupewa hifadhi. Anayelitumia kwa kila kilichomo katika bohari ya makumbusho anamsifu mwenye bohari kabla hajauliza mzigo ulifikaje.

Chukua mifupa ya dinosaria wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin, zaidi ya tani 200. Mmoja, Giraffatitan, amesimamishwa katika ukumbi wa makumbusho ya huko, kimo chake kinapita meta 13. Lakini baadhi ya mizigo ilipitisha zaidi ya miaka 100 ndani ya mianzi ileile iliyofungiwa Tendaguru, haijafunguliwa. Hiyo tumeandika kwamba imelala, wala hatutalainisha.

Hapa Uzaramoni, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, tunalo neno jingine: kuwekwa ndani. Mwali aliwekwa ndani, akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akioshe na kukipaka mafuta kama mtoto wake. Vinyago hivyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, vingi havigusiki ila kwa glavu. Mtafsiri wetu mmoja alipendekeza tuandike kwamba navyo "vimewekwa ndani". Nilimkatalia, na huo ndio uamuzi pekee nilioushikilia mwenyewe hadi mwisho. Aliyewekwa ndani ana kungwi, ana siku zinazohesabiwa, na nje kuna ngoma inayoandaliwa kwa ajili ya kumtoa.