Dirisha la Januari



Mapema Februari mwaka huu, tulipokuwa tukitoka katika swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono, tukakaa barazani. Binti yake alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisoma fizikia. Mwezi wa Novemba binti huyo alimpigia simu kumweleza kuwa ipo nafasi ya kwenda Ulaya kushiriki utafiti wakati wa kiangazi, na kwamba alihitaji hati ya kusafiria na radhi za wazazi. Baba akamjibu: "Mwanangu, hayo ni mambo ya Julai. Tutayazungumza ukija likizo." Binti, kwa adabu yake, hakurudia tena. Alipofika nyumbani, baba mwenyewe ndiye aliyeulizia habari ile. Akajibiwa kwa sauti ndogo kwamba dirisha la maombi lilikwisha kufungwa siku nne zilizopita.

"Sikumkataza," mzee aliniambia. "Nilichelewa tu."

Mwakani binti atakuwa amehitimu, na nafasi ile ni ya wanafunzi. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya wazazi ambao bado hawajachelewa.

Kiangazi cha Ulaya huangukia wakati wetu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo taasisi kubwa za utafiti huwapokea vijana wanaosoma shahada ya kwanza. Mojawapo ni CERN, maabara ya fizikia iliyoanzishwa mwaka 1954 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva. Huko, takriban mita 100 chini ya ardhi, limechimbwa handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, ambamo chembe ndogo mno za maada hukimbizwa kwa kasi inayoikaribia kasi ya nuru, kisha zikagonganishwa ili wataalamu wachunguze kinachozaliwa. Mfumo wa tovuti tunaoufungua kila siku katika simu zetu ulibuniwa papo hapo na Tim Berners-Lee mwaka 1989.

Tangu mwaka 1962 CERN imekuwa na programu ya wanafunzi wa kiangazi, na kwa sasa milango yake iko wazi hata kwa wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, zetu zikiwamo. Hutakiwa awe amekamilisha angalau miaka mitatu ya chuo ifikapo kiangazi, katika fizikia, hisabati, uhandisi au kompyuta. Hukaa huko miezi miwili hadi mitatu, akisikiliza mihadhara na kufanya kazi ndani ya kundi la watafiti: huyu hupima vifaa vya kunasia chembe, yule huandika programu ya kuchambua takwimu. Hupewa posho ya kujikimu, mchango wa nauli na bima ya afya. Mwombaji hatozwi ada. Basi ajapo mtu kukudai fedha ili "akuombee nafasi", mfunge mlango.

Mzazi atauliza: faida yake nini? Darasani mwanafunzi hupewa maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake. Katika utafiti hupewa swali ambalo hata mwalimu anangoja jibu. Huko ndiko kijana hujifunza kukosea, kupima upya na kusema ukweli juu ya alichokiona, na adabu hiyo humfaa popote aendapo. Mashine za kuongeza kasi ya chembe, kwa mfano, hutumika pia hospitalini kutibu saratani kwa mionzi.

Yule mzee alinikiri pia hofu ambayo hakuwahi kumwambia bintiye: ataswali wapi, atakula nini, ataishi na nani? Hofu hizo si za kubezwa, bali zizungumzwe mapema, wakati bado zina dawa. Geneva ina msikiti mkubwa tangu mwaka 1978. Mchana wa Julai huko ni mrefu na Isha huchelewa sana, hivyo kijana ajipange. Habari za chakula na malazi ziulizwe kabla ya safari. Baba akinyamaza na binti akinyamaza, Januari haiwasubiri.

Kwa miaka ya karibuni maombi yamekuwa yakifungwa mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo hati ya kusafiria ishughulikiwe kuanzia Oktoba. Nakala ya matokeo iombwe chuoni mapema. Barua ya mapendekezo iombwe kwa mhadhiri anayemfahamu kijana kwa kazi yake, naye apewe wiki kadhaa za kuiandika. Ratiba ya mitihani nayo itazamwe isije ikagongana na safari.

Tusidanganyane: waombaji ni wengi mno, na wengi hukosa. Anayekosa asidhani njia zimekwisha. Ipo Shule ya Afrika ya Fizikia, ASP, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010 na ambayo huhamahama barani; mwaka 2016 ilifanyika Kigali, Rwanda. Na iliyo karibu kuliko zote ni maabara ya chuo chake mwenyewe: abishe hodi kwa mhadhiri, aombe kumsaidia kazi wakati wa likizo. Mhadhiri huyo ndiye atakayekuwa na la kuandika barua itakapohitajika.

Mzee na binti yake sasa wanaulizia nafasi za shahada ya pili. Safari hii, aliniambia, tarehe za mwisho ameziandika yeye mwenyewe kwenye kalenda iliyoko ukutani sebuleni.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.