Pangani, mwisho wa mto wetu

Wadau, nimerudi kutoka Pangani. Mji mtulivu jamani: minazi, nyumba za kale, mto mpana, ng'ambo Bweni. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri mwaka 1889.

Ila mimi mtoto wa Mwika nimeguswa na mto. Maji yake yanatoka kwetu Kilimanjaro, na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu mpaka baharini. Kule juu tunayachepusha kwenye mifongo na kukata miti vyanzoni. Huku chini mto ukipungua nguvu, bahari inaupanda na chumvi inafika mashambani. Kisha tunakuja kusifia ufukwe! Desemba tukienda nyumbani kula sikukuu, tuulizane: wa Pangani tunawaachia nini? Mnasemaje?