Mtoto Amekua, Karatasi Imebaki Vilevile

  Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo watu wanaliongea bombani na kwenye foleni ya mgao, lakini wakifika mbele ya mwenyekiti wanaona aibu. Ni makubaliano ya matunzo ya mtoto kati ya wazazi ambao hawakuoana, na hasa yale ya zamani ambayo hakuna aliyeyagusa tena.

Sisi ni walimu wa kujitolea, na mambo mengi ya nyumbani tunayajulia darasani. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, mvulana mwenye akili nzuri ya hesabu. Kila Jumatatu hakuonekana. Tukimuuliza Jumanne anasema aliumwa tumbo. Ugonjwa gani huu wenye kalenda? Tukamfuatilia, tukagundua kwamba kila Jumatatu alikuwa anaenda kulima kibarua ili apate franga za daftari na sabuni. Basi tukaenda nyumbani kwao. (Wenyewe wameturuhusu kusimulia, ila majina na kijiji tunayaacha.)

Mama alitupokea vizuri. Tulipouliza kuhusu papa wa mtoto, aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, ule anaowekea kadi ya mgao. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa mwaka 2014, mbele ya mashahidi wawili, na dole gumba chini. Inasema papa atatoa shilingi 3,000 kila mwezi na vipande viwili vya sabuni. Wakati ule mtoto alikuwa na miezi saba, ananyonya. Leo ana miaka kumi na miwili, anavaa viatu vya kaka mtu mzima, na anakula kama sisi. Karatasi bado inasema 3,000.

Tukamuuliza, "Mama, mbona hukuomba iongezwe?" Akasema, "Nitaombaje na mimi sikuolewa? Nikiomba kumi anaweza kukasirika akakata hata hizo tatu."

Tukaenda kwa papa. Tulitegemea kukuta mtu mkorofi, kumbe hapana. Ni kinyozi, ana mke na watoto wanne. Akatuambia kwa kujisifu kidogo, "Mwalimu, mimi sijakosa hata mwezi mmoja. Karatasi imesema tatu, nalipa tatu." Na ni kweli, mama mwenyewe alikubali kwamba hajakosa. Lakini Jumatatu mtoto alikuwa shambani kwa watu. Hapo tukaelewa kwamba mtu anaweza kutimiza karatasi yote, na mtoto bado akakosa.

Wasomaji wapenzi, tusiwalaumu hawa wawili peke yao. Hata sheria za nchi zilishawahi kusahau hivyohivyo. Hapa Tanzania kulikuwa na sheria ya tangu enzi ya Mwingereza iliyohusu watoto wa nje ya ndoa. Sheria ile ilimtaka baba alipe si zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Wakati inaandikwa shilingi 100 zilikuwa pesa. Miaka ikapita, bei zikapanda, shilingi 100 ikawa haitoshi hata kipande cha sabuni, na sheria ikabaki vilevile mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009. Sheria hii mpya haikutaja kiasi. Inasema mahakama ikipanga matunzo iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama mzazi amepungukiwa uwezo wa kupata riziki, kama ana watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Mambo haya yote yanabadilika. Basi na makubaliano lazima yabadilike.

Kuna wanaosema, "Mimi sikutoa mali, kwa hiyo mtoto si wangu, ni wa kwa mama yake." Tunaheshimu mila zetu, lakini kwa habari ya chakula na shule jibu ni jingine. Sheria ya Mtoto inampa mzazi wajibu wa kumlisha mtoto, kumpa mahali pa kulala, mavazi, matibabu na elimu, na haiulizi kwanza kama kulikuwa na ndoa. Inakataza pia kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake au kwa sababu ni mkimbizi. Na sisi tuliotoka Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inasema kila mtoto Mkongomani awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Kwa hiyo ukivuka ziwa kurudi, wajibu utakukuta ng'ambo pia.

Wengine wanasema, "Mtoto anakula mgao, mimi nitoe nini tena?" Mgao ni wa mtoto, haujatoka mfukoni mwa papa. Na wote tunajua ulivyopunguzwa mwaka 2017 na tena mwaka 2023. Hakuna daftari wala viatu ndani ya mgao.

Lakini tuwe wa haki. Kubadilisha makubaliano si kupandisha tu. Mwaka 2025 misaada ilipopungua, watu wengi walipoteza kazi za motisha. Tunamjua papa mmoja aliyekuwa analipa vizuri, kazi ikaisha, akaona aibu kumwambia mama wa mtoto. Akawa anabadilisha njia akimwona kwenye mgao. Mama akajua anamdharau, naye akamzuia mtoto asimtembelee bibi yake. Deni likapanda mwezi baada ya mwezi. Kama angeenda mwezi wa kwanza akasema, "Mama fulani, kazi imeisha, kwa sasa naweza kiasi hiki na nitasaidia kuleta kuni," wangeelewana. Kunyamaza kulimharibia kuliko umaskini. Mwenye kupungukiwa ana haki ya kuomba kipunguzwe, ila aombe wazi, na mapema. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa aje aseme.

Sasa tufanyeje? Tunaeleza hatua kama tulivyojifunza kwa ile familia ya kwanza na kwa kuuliza watu wa ustawi wa jamii.

Kwanza, tafuta karatasi ya zamani. Kama haipo, andikeni mnachokumbuka: mlikubaliana lini, kiasi gani, nani alikuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, andika mahitaji ya mtoto ya mwezi mmoja kwa bei ya soko la leo. Usiandike ya kwako, ya mtoto tu. Yule mama aliandika sabuni, mafuta ya kujipaka, madaftari na kalamu, mboga na unga wa kuongezea mgao. Ikafika shilingi 21,000. Viatu na sare aliviandika pembeni kwa sababu si vya kila mwezi.

Tatu, kila mzazi aseme kipato chake bila kuficha. Papa aseme cha kazi yake na watoto wengine alio nao. Na mama naye aseme, kama anauza vitumbua au anashona. Mtoto ni wa wawili, mzigo ni wa wawili.

Nne, kaeni na msuluhishi mnayemwamini wote: mwenyekiti wa kijiji, wazee, au afisa ustawi wa jamii. Ila hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Mama ambaye amewahi kupigwa au kutishwa na huyo papa asilazimishwe kukaa naye uso kwa uso. Aende moja kwa moja kwa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.

Tano, andikeni karatasi mpya. Iwe na majina yenu, jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, kiasi, siku ya kulipa, na nani anapokea. Andikeni nani atanunua sare shule ikifunguliwa, na mtafanyaje mtoto akiugua. Andikeni kwamba karatasi hii inachukua nafasi ya ile ya zamani, na itaanza tarehe gani. Kama kuna deni la nyuma, liandikwe pia, lisipoandikwa litaleta ugomvi. Wekeni sahihi na mashahidi, nakala tatu: ya mama, ya papa na ya msuluhishi.

Na jambo ambalo wengi wanasahau: andikeni siku ya kuiangalia tena. Sisi tunashauri kila mwaka shule inapofunguliwa. Hapo hakuna wa kuogopa kuomba, maana siku yenyewe imeshaandikwa.

Je, mwenzio akikataa kabisa kukaa? Mwenyekiti anaweza kupatanisha, lakini hawezi kumlazimisha mtu kama mahakama. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, yeye anaweza kukuelekeza kwenye Mahakama ya Watoto. Sheria inaruhusu ombi la matunzo lipelekwe na mzazi, mlezi, ndugu, hata afisa ustawi wa jamii mwenyewe. Kama mahakama iko nje ya kambi, ombeni kibali kwanza. Pia Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Ulizeni wasaidizi wa kisheria.

Na kama kiasi chenu kilipangwa na mahakama, si kwa mwenyekiti, msikibadilishe wenyewe chini ya mwembe. Rudini mahakamani mwombe amri ibadilishwe. Mpaka hapo amri ya zamani inaendelea na deni linahesabiwa. Kwa kawaida amri ya matunzo inakwenda mpaka mtoto afike miaka 18, na mahakama inaweza kuiongeza kama bado anasoma.

Mnaosubiri safari, ya kurudi nyumbani au ya nchi ya tatu, msiache jambo hili mpaka siku ya basi. Mmoja akiondoka bila karatasi mpya, ni nani atamtafuta huko? Hakikisheni pia mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la wazazi wote wawili inapowezekana.

Turudi kwa mvulana wetu. Kikao kilikaa kwa mwenyekiti, saa tatu nzima. Mama alianza na 21,000, papa akaanza na 5,000. Papa alipoisoma ile orodha alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Daftari ngapi kwa mwaka?" Hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Na mama naye alikubali kosa lake, kwamba miaka yote hiyo alimzuia mtoto asiende kwa baba kwa sababu tu ya hasira. Mtoto si rehani, wazazi. Matunzo hayanunui kuonana, na kunyimwa kuonana hakufuti matunzo.

Walikubaliana shilingi 12,000, viatu na sare juu ya papa kila mwaka, na mtoto atakula kwa baba yake Jumapili. Mwezi wa kwanza papa alileta 10,000. Mama hakupiga kelele, alifungua daftari akaandika: bado 2,000. Wakasaini wote wawili. Mwezi wa pili akaleta 14,000.

Na sisi tangu wakati huo tunaita majina Jumatatu, naye anaitika.

Wazazi wapendwa, leo jioni fungueni mifuko ya plastiki mnayowekea kadi, mwangalie karatasi zenu zina mwaka gani. Halafu mwangalieni mtoto. Mwenye swali alete shuleni kwa walimu, tutamwelekeza kwa wanaohusika bila kumtaja.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Amani kwenu nyote.