Ubingwa wa taifa ulikuwa wa taifa lipi?



Kuna jambo lililonikaa moyoni tangu Septemba iliyopita.

Kila mwaka Agosti inapokaribia kwisha, kurasa za michezo hujaa habari za mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani yanayofanyika mjini New York. Safari hii gazeti moja lilichapa pia orodha ya mabingwa tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1881. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na kwetu gazeti halitupwi. Nilikata orodha ile nikaibandika ukutani darasa la sita kwa ajili ya Hisabati, watoto wahesabu miaka na watafute nani alishinda mara nyingi. Pembeni mwa jina la Althea Gibson, mwaka 1957, palikuwa na maelezo kwamba ndiye mtu mweusi wa kwanza kuupata ubingwa huo. Mtoto mmoja wa kike akachukua 1957 akatoa 1881, akapata 76, akanyoosha mkono: "Mwalimu, miaka yote hiyo 76 watu weusi wa Marekani walikuwa hawajui kucheza?"

Nilimjibu kwamba tutalizungumza kesho, maneno ambayo kila mwalimu mwenzangu anajua maana yake. Lakini swali lile halikuniacha nilale. Nimelitafutia jibu kwa muda, na ninalileta kwako kwa sababu orodha ile ilisomwa na watu wengi, na sidhani kama wengi walitoa hesabu kama alivyofanya mtoto yule.

Nikiri mapema kwamba sijawahi kucheza tenisi. Katika chuo cha ualimu nilichosoma kulikuwa na kiwanja kimoja cha saruji, wavu wake ulishaoza zamani, nasi tukianikia mahindi. Kwa hiyo sizungumzi kama mtaalamu wa mchezo. Nazungumza kama mtu anayefundisha watoto kusoma kilichoandikwa na kuuliza kilichoachwa.

Mwaka 1881 klabu za tenisi za Marekani ziliunda chama chao cha taifa, na Agosti mwaka huohuo wakaandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa wanaume katika mji wa Newport, jimbo la Rhode Island, mahali ambapo matajiri wa New York na Boston walikwenda kupumzika wakati wa kiangazi. Kanuni ya kuingia ilikuwa fupi: ucheze kwa kuwa klabu yako ni mwanachama. Bingwa wa kwanza alikuwa kijana wa Harvard aitwaye Richard Sears, ambaye aliushika ubingwa huo miaka saba mfululizo. Watu humsifu kwa hilo, nami simnyimi sifa zake, ila msomaji ajue kwamba tangu mwaka 1884 hadi 1911 bingwa hakulazimika kupita raundi zote kama wengine. Alikaa akingoja, wenzake wakamenyana mpaka abaki mmoja, ndipo akashuka kucheza naye mchezo mmoja tu. Wanawake walianza ubingwa wao mwaka 1887 huko Philadelphia. Mwaka 1915 mashindano ya wanaume yalihamia Forest Hills, New York, katika klabu nyingine ya watu wenye nafasi zao, ambako baadaye ulijengwa uwanja mkubwa wa watazamaji zaidi ya elfu kumi.

Sasa, je, watu weusi walikuwa wapi? Walikuwa wanacheza. Walikuwa na klabu zao katika miji mingi, na mwishoni mwa Novemba 1916 wawakilishi wa klabu hizo walikutana Washington wakaunda chama chao, wakakiita Chama cha Tenisi cha Marekani. Tazama jina hilo, Ndugu Mhariri. Hawakujiita chama cha weusi. Walijiita cha Marekani, kama walivyokuwa na haki ya kujiita, na chama hicho kipo hadi leo.

Agosti 1917 wakafanya mashindano yao ya kwanza ya ubingwa wa taifa katika bustani ya Druid Hill, mjini Baltimore. Kwa wanaume alishinda Tally Holmes. Kwa wanawake alishinda Lucy Diggs Slowe, na hapa naomba nisimame kidogo, maana mama huyu alikuwa mwalimu wa shule mjini Washington. Baadaye akawa mkuu wa shule, na mwaka 1922 akawa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza nchini mwake kuwa bingwa wa taifa katika mchezo wowote. Katika orodha iliyobandikwa ukutani kwangu jina lake halimo. Mwaka ule ule wa 1917, kwa kuwa Marekani ilikuwa imeingia vitani, mashindano ya Forest Hills yalipewa jina la mashindano ya kizalendo. Wazalendo wengine walikuwa Baltimore.

Kwa miaka mingi mashindano hayo ya weusi yalifanyika katika viwanja vya vyuo vyao, kama Hampton kule Virginia na Wilberforce kule Ohio. Sababu yake haikuwa kupenda vyuo. Hoteli nyingi hazikuwapokea, na vyuo vilikuwa na viwanja, mabweni na jikoni. Mchezaji aliyesafiri siku nzima alijua angalau atapata kitanda.

Kuna watakaosema kwamba kila upande uliridhika kuwa na mashindano yake. Si kweli. Mwaka 1929 vijana wawili weusi wa New York, Reginald Weir na Gerald Norman, waliomba kuingia katika mashindano ya taifa ya vijana yanayochezwa ndani ya jengo. Walilipa ada. Walikataliwa, na chama cha kutetea haki za watu weusi kilipolalamika, wakubwa wa tenisi walijibu kwa maandishi kwamba ndivyo desturi ilivyo, na kwamba ni afadhali kila upande uendelee na chama chake. Weir alikuja kuruhusiwa kucheza mashindano ya taifa ya ndani mwaka 1948, wakati ujana wake wote umekwisha.

Baada ya hapo lugha ilibadilika, na hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko kote. Althea Gibson alizaliwa South Carolina mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wakulima wa pamba katika shamba la watu, akakulia mitaa ya Harlem. Tangu mwaka 1947 alikuwa bingwa wa wanawake katika mashindano ya weusi, na aliushika ubingwa huo miaka kumi. Ilipofika mwaka 1950, hakuna aliyethubutu kusema wazi kwamba anakataliwa kwa rangi yake. Walisema tu kwamba ili aruhusiwe Forest Hills, kwanza aonyeshe uwezo wake katika mashindano makubwa ya kiangazi ya huko mashariki. Sharti la haki kabisa, mtu atadhani. Ila mashindano hayo ya kiangazi yalikuwa ya mwaliko, na mialiko ilitolewa na klabu zilezile ambazo hazikutaka kumwona getini. Mlango uliachwa wazi, ngazi ikaondolewa.

Aliyeufichua mchezo huo hakuwa mtu mweusi. Alikuwa Alice Marble, mzungu, bingwa wa Forest Hills mara nne. Julai 1950 aliandika makala katika jarida la tenisi lililosomwa na wakubwa wote wa mchezo, akaeleza bila kumung'unya maneno jinsi sharti lile linavyofanya kazi, na akawaambia wenzake waone aibu. Baada ya makala ile klabu moja ya New Jersey ilimpa Gibson mwaliko, na mwishoni mwa Agosti aliingia Forest Hills akiwa ametimiza miaka 23. Mchezo wake wa pili alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Brough alichukua seti ya kwanza 6-1, Gibson akachukua ya pili 6-3, na katika ya tatu Gibson alikuwa akiongoza 7-6 mvua kubwa ya radi ilipovunja mchezo. Radi ilimpiga tai wa jiwe aliyekuwa juu ya uwanja akaanguka chini. Kesho yake waliporudi, Brough alichukua gemu tatu mfululizo, na Gibson akatoka. Miaka saba baadaye, mwaka 1957, katika fainali ya uwanja uleule, alimshinda Brough huyohuyo 6-3, 6-2. Mwaka 1958 akautwaa tena.

Hiyo ndiyo 1957 iliyomshangaza mwanafunzi wangu.

Ya Arthur Ashe nitayapitia upesi kwa kuwa yeye anajulikana zaidi. Baba yake alikuwa mlinzi wa bustani ya watu weusi mjini Richmond, Virginia, na mtoto alijifunza katika viwanja vya bustani hiyo kwa sababu viwanja vizuri vya mji vilikuwa vya wazungu. Daktari mmoja mweusi wa Lynchburg, Robert Walter Johnson, ambaye alimsaidia pia Gibson, alikuwa na kiwanja nyumbani kwake na kila kiangazi alichukua watoto akawafundisha. Mwaka 1968, mashindano yalipofunguliwa kwa mara ya kwanza kwa wachezaji wa kulipwa na wasiolipwa, Ashe, akiwa luteni wa jeshi, alimshinda Mholanzi Tom Okker kwa seti tano. Kwa kuwa alihesabiwa mchezaji wa ridhaa, dola 14,000 alipewa aliyeshindwa, naye bingwa akapata posho ya dola 20 kwa siku. Tangu mwaka 1978 mashindano yanachezwa Flushing Meadows, ndani ya bustani ya umma, na uwanja wake mkuu uliofunguliwa mwaka 1997 umepewa jina la Ashe. Sanamu ya Gibson iliwekwa hapo mwaka 2019, miaka 16 baada ya yeye kufariki.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliposikia haya yote alinicheka. Akasema mambo ya Wamarekani tuwaachie Wamarekani, sisi tuna matatizo yetu. Nilimjibu kwamba ndiyo kwanza naelekea kwenye matatizo yetu.

Mwaka juzi shule yetu ilikuwa na msichana wa darasa la saba aliyekimbia mita 800 kwa namna ambayo sijaona tangu nianze kazi hii. Hatuna saa ya michezo, nilimpima kwa simu yangu, mara tatu, kwa siku tofauti, nikadhani simu imeharibika. Katika kata aliwaacha wote, wavulana wakiwemo. Timu ilipoitwa jina lake halikuwemo. Niliambiwa na wahusika, kwa heshima kabisa, kwamba mtoto ni mzuri lakini bado hajaonekana. Aonekane wapi? Katika bonanza lililofanyika mjini, kwenye uwanja uliopigwa chokaa. Na bonanza lile lilikuwa la shule zipi? Za mwaliko. Barua zilifika kwenye shule zilizo kando ya barabara kuu. Kutoka kwetu hadi barabara hiyo ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na masika hakuna pikipiki inayopita.

Sisemi kwamba aliyeziandika barua zile ni mbaguzi. Nadhani alikuwa na bahasha chache na mafuta kidogo. Lakini mtoto yule sasa amemaliza shule, yuko nyumbani anamsaidia mama yake shambani, na timu ile ilipokwenda mkoani iliitwa timu ya wilaya nzima.

Ombi langu kwa wanaopanga michezo ya shule ni hili: mtoto aliyeshinda katika kata yake, muda wake ukashuhudiwa na walimu wawili wa shule nyingine, aingie katika majaribio ya wilaya bila kudaiwa kuonekana kwanza mahali pengine. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji saa moja ya michezo kwa kila kata na karatasi ya kutia sahihi. Na ombi langu kwa waandishi wa michezo ni kwamba Septemba ijayo watakapochapa tena orodha ya mabingwa wa Marekani, waweke safu ya pili pembeni.

Mimi sikungoja. Yule mwanafunzi wa swali la 76 na wenzake wameandika orodha ya pili kwa kalamu kwenye karatasi ya manila, wakaibandika kando ya ile ya gazeti. Mstari wa juu kabisa unasomeka: 1917, Baltimore, Lucy Diggs Slowe, mwalimu.

Mwalimu wa Kijijini,
Mpwapwa.