Kiungo cha tela la baiskeli kishushwe chini

Msimu wa korosho, baiskeli ndiyo gari la mkulima mdogo kuanzia Nanganga hadi Newala, kusini mwa Tanzania. Gunia hulazwa juu ya keria, hukazwa kwa mpira wa tyubu, kisha mwenyewe hukokota kwa miguu hadi ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, maana mzigo ukikaa juu hivyo baiskeli haiendesheki. Maji nayo hubebwa hivyo hivyo. Uwanda wa Makonde una mchanga unaonyonya mvua, hivyo maji hufuatwa bondeni, na dumu la lita 20 ni kilo 20 kabla halijaanza kupandishwa mlima.

Tela la magurudumu mawili lingebeba mzigo huo chini, karibu na ardhi. Fremu yake haimsumbui fundi wa kuchomelea. Kazi iko kwenye kiungo.

Kiungo lazima kiruhusu tela kukata kona, kupanda na kushuka kwenye mashimo, na tena kiruhusu baiskeli kulala upande bila tela kulala nayo. Bolti moja iliyokazwa hutoa mwendo mmoja tu. Mingine yote huishia kwenye weldi, nayo hukatika. Dawa iko jalalani: kipande cha ukuta wa tairi kuukuu la gari, chenye nyuzi ndani, kibanwe kwa bolti kati ya mkono wa tela na kibati kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma ya baiskeli, upande wa kushoto, mbali na cheni. Mpira hupinda kila upande na hautaki grisi. Pembeni ipite kamba ya akiba, ili mpira ukichanika tela lisimtoroke mtu.

Kuna wanaofunga kiungo kwenye nguzo ya tandiko kwa kuwa ni rahisi. Kwa nchi ya miteremko kama hii, hiyo ni hatari. Anayeteremka kutoka Newala akishika breki, tela la kilo 100 humsukuma kwa nyuma. Likisukumia juu, gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuteleza. Likisukumia kwenye ekseli, baiskeli hutulia zaidi. Mteremko ukiwa mkali, hata hivyo, ashuke akokote, kwani breki za baiskeli moja hazitoshi kwa mizigo miwili.

Mradi wa usafiri vijijini wa Makete, ulioanza miaka ya 1980, ulionyesha kwamba safari zinazochosha kijijini ni zile fupi za maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, na mzigo wake mkubwa uko kichwani mwa wanawake. Bado fedha na hotuba huelekezwa kwenye lami. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wakae na mafundi wa Nanganga na Ndanda, wakubaliane kipimo kimoja cha kibati na cha bolti, ili tela lolote lifungike kwenye baiskeli yoyote. Hapo AMCOS itaweza kununua matela machache na kuyaazimisha kwa zamu: korosho msimu wa mavuno, maji miezi mingine yote.